Wadi Mbili, Jina Moja: Niliyojifunza Nikitengeneza Menyu Zinazotegemeana

Mama yule alipanda matatu Nakuru alfajiri, akafika ofisini kwetu Kisumu kabla ya saa tano, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Binti yake alikuwa kidato cha pili na alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua yetu wenyewe, ina muhuri, ikisema kwamba mtoto amekubaliwa kulipiwa. Lakini jina lake halikuwa kwenye orodha ya eneobunge la Nakuru Town East iliyotumwa shuleni.

Madam, karani wetu mkuu, alimpa kiti na chai, kisha akaniita. Tulitafuta jina la mtoto kwenye mfumo likatokea mara moja. Hakuwa amepotea. Alikuwa kwenye orodha ya Naivasha, kwenye foleni ya wanaosubiri, kwa sababu mgao wa Naivasha wa muhula ule ulikuwa umekwisha. Fomu yake ya karatasi ilisema wadi ni Biashara. Mfumo nao ulisema wadi ni Biashara. Ukiviweka kando kwa kando, hakuna aliyekosea.

Kila kaunti imegawanywa katika maeneobunge, na kila eneobunge katika wadi. Kaunti ya Nakuru ina wadi mbili zinazoitwa Biashara. Moja iko Nakuru Town East, katikati ya jiji, jirani ya Kivumbini na Flamingo. Nyingine iko eneobunge la Naivasha, kilomita kama 70 kutoka hapo, pamoja na Olkaria, Hells Gate na Viwandani. Iko hata ya tatu, Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Kwenye menyu niliyokuwa nimemtengenezea Madam, neno Biashara lilijitokeza mara tatu, mstari chini ya mstari, bila alama yoyote ya kutofautisha. Alichagua la kwanza. Sijui mtu yeyote ambaye angefanya vingine.

Kosa lilikuwa langu, na nimeandika haya kwa sababu najua kuna vijana wengi huku kwetu, kuanzia Kisumu hadi Bungoma, wanaotengeneza mifumo ya basari, ya sako, ya vyama vya wakulima wa miwa, na wote siku moja watafika kwenye kisanduku hicho kilichoandikwa "Wadi".

Nianze na jinsi nilivyofika pale. Kikundi chetu kilianza kulipia karo watoto wa Kaunti ya Kisumu peke yake. Kisumu ina maeneobunge 7 na wadi 35. Madam alizaliwa Seme, akaolewa Nyakach, akafundisha Muhoroni kabla ya kustaafu, kwa hiyo wadi zote 35 alikuwa nazo kichwani. Nilipoweka menyu kunjuzi moja (ile inayofunguka chini ukiibofya) yenye majina 35 kwa mpangilio wa alfabeti, alitembea nayo bila kusita. Nilitumia Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya programu ya Python, unaokupa paneli ya usimamizi karibu bure: ukishaeleza majedwali yako, fomu zinajitengeneza zenyewe. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Huwa naikumbuka asili hiyo kwa sababu inaeleza mengi: paneli ile inamtumikia vizuri mtu wa ndani ya ofisi anayeifahamu data yake vizuri. Kwa wadi 35, Madam alikuwa mtu huyo hasa.

Kisha kikundi kikapata wafadhili, tukafungua milango kwa Nakuru, Kakamega, Vihiga na Busia. Nikaona, ya nini kuongeza kaunti moja moja? Nikaingiza orodha ya nchi nzima: kaunti 47, maeneobunge 290, wadi 1,450. Dakika kumi za kazi. Menyu ya majina 35 ikawa menyu ya majina 1,450, nami nikaenda kula samaki Lwang'ni nikiona nimemaliza.

Baada ya mama yule kuondoka (karo ililipwa jioni ileile kutoka mfuko wa dharura, na Madam mwenyewe ndiye aliyempigia mwalimu mkuu), niliketi kurekebisha. Wazo lilikuwa lile ambalo kila mtu hulipata: menyu tatu zinazotegemeana. Unachagua kaunti, menyu ya pili inaleta maeneobunge ya kaunti hiyo tu, na ukichagua eneobunge, menyu ya tatu inaleta wadi zake tu. Ukiwa Nakuru Town East utaona wadi 5, na Biashara ni moja.

Niliandika skripti fupi ya JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Menyu ya kaunti ikibadilika, kivinjari kinaiuliza seva, yaani kompyuta yenye data yetu: nipe maeneobunge ya kaunti hii. Seva inajibu, skripti inafuta machaguo ya zamani na kuweka mapya. Kwenye meza yangu ilikwenda kama maji. Nikabofya Hifadhi.

Ujumbe mwekundu: chaguo hilo halimo katika machaguo yaliyopo.

Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikwama siku mbili nzima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nilikuwa nimeiambia fomu kwamba menyu ya wadi ianze ikiwa tupu, kwani kaunti haijachaguliwa bado. Kwenye kivinjari, JavaScript iliijaza. Lakini seva haikuwepo wakati JavaScript ikijaza. Fomu ikifika kwa seva, Django huijenga upya tangu mwanzo, na katika ujenzi huo menyu ya wadi ni tupu kama nilivyoiagiza. Inaangalia namba ya wadi iliyotumwa, inaangalia orodha yake isiyo na kitu, inasema: hii siitambui. Nayo ina haki. Yeyote anaweza kutuma namba yoyote kutoka kwenye kivinjari chake, na seva inayokubali kila inacholetewa haina kazi.

Kwa hiyo orodha ya machaguo lazima ijengwe upande wa seva pia, kila mara fomu inapoundwa, na kuna hali tatu. Fomu ikija na data iliyotumwa, soma eneobunge lililomo kwenye data hiyo, kisha ruhusu wadi za eneobunge hilo. Fomu ikifunguliwa kwa rekodi iliyopo tayari, soma eneobunge la rekodi hiyo. Fomu ikiwa mpya kabisa, hapo ndipo orodha iwe tupu. Mistari sita au saba ndani ya `__init__` ya fomu, sehemu ya msimbo inayoiunda fomu.

Mimi niliandika hali ya kwanza na ya tatu. Ya pili niliisahau.

Ilichukua wiki moja kuonekana. Muhula ulikuwa unaanza, na wazazi kadhaa walikuwa wamebadilisha namba za simu. Madam alifungua rekodi moja moja, akabadilisha namba, akahifadhi. Alichofanya ni hicho tu. Lakini kila rekodi aliyoifungua ilikuja na menyu ya wadi ikiwa tupu, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kutazama. Na kwa kuwa nilikuwa nimeruhusu wadi iachwe wazi, kwa sababu ya fomu za zamani zisizo na wadi, mfumo ulikubali. Kila mara alipohifadhi namba mpya ya simu, alifuta wadi. Familia 43.

Nilikimbilia historia ya paneli. Django huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Lakini inaandika jina la kisanduku kilichobadilishwa, haiandiki kilikuwa na nini kabla. Nilisoma mistari 43 ikiniambia simu imebadilika na wadi imebadilika, bila neno moja la kunisaidia kurudisha. Nakala rudufu nayo nilikuwa nachukua mara moja kwa mwezi.

Zilizotuokoa ni karatasi. Madam hakuwahi kutupa fomu hata moja. Kwenye kabati la chuma lililoko ukutani, faili zimepangwa kwa mwaka, kisha kwa shule. Tulikaa naye Jumamosi nzima, yeye akisoma, mimi nikiandika. Mara kwa mara alisimama kwenye jina fulani na kunieleza habari za mtoto huyo: huyu baba yake ni mvuvi wa Dunga, huyu analelewa na nyanya yake huko Ahero, huyu alikuwa wa kwanza darasani hadi mama alipougua. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikiziita rekodi. Tangu Jumamosi ile nachukua nakala rudufu kila usiku, na kisanduku cha wadi hakikubali kuachwa wazi.

Tukaendelea. Tatizo lililofuata lilikuwa la mtandao. Madam alikuwa akienda mashinani na kipakatalishi, akiunganisha intaneti ya simu yake, bando la siku. Mjini Kisumu menyu zilijaa papo hapo. Sondu zilichukua sekunde nne, tano, kumi. Siku moja alichagua Nyando kwa makosa, akajirudi haraka akachagua Nyakach. Maombi mawili yalikuwa njiani. La Nyakach lilirudi kwanza, menyu ikaonyesha wadi za Nyakach. Kisha la Nyando, lililokuwa limechelewa, likafika na kufuta yote, likaweka wadi za Nyando. Juu imeandikwa Nyakach, chini kuna Ahero na Kobura. Seva ilikataa kuhifadhi, nashukuru, kwa sababu sasa ilikuwa inakagua. Madam alinipigia simu: "Nyathina," yaani mwanangu kwa Dholuo, "mashine yako imehamisha Ahero."

Dawa yake ni ndogo. Jibu likifika, skripti iulize kwanza: eneobunge lililo kwenye menyu sasa hivi ndilo lile nililoliulizia? Kama si lenyewe, jibu litupwe. Ni sharti la mstari mmoja, na naona kila anayeandika menyu za namna hii anapaswa kuliweka tangu siku ya kwanza, hata kama mtandao wake ni mzuri. Mtandao wa mtumiaji huujui.

Lakini nilipokuwa nikiweka mstari ule, nikajiuliza kwa nini naiuliza seva kabisa. Wadi 1,450 ni nyingi kwa jicho la mtu, ila kwa mashine si kitu. Kila moja ni jina, namba yake na namba ya eneobunge lake. Orodha nzima haifiki kilobaiti 100, ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Wadi nazo hazibadiliki kila mwezi. Nikaamua kuituma orodha yote pamoja na ukurasa, na kuiacha JavaScript ichuje palepale bila kuuliza mtu. Sondu au mjini, menyu zikajaa mara moja. Data inayobadilika kila saa, au yenye mamilioni ya mistari, hiyo iulizie seva. Orodha fupi iliyotulia, ibebe nayo.

Siku niliyoiweka, menyu zote zilikufa. Hakuna hata moja iliyofunguka. Nilitafuta hadi jioni. Mhusika alikuwa wadi ya Muhoroni iitwayo Masogo/Nyang'oma. Nilikuwa nimeijenga orodha kwa mkono ndani ya kiolezo cha ukurasa, kila jina kati ya alama mbili za mkato wa juu, na nimeiambia Django isiguse chochote. Ng' ya Nyang'oma ikafunga jina kabla halijaisha, skripti nzima ikavunjika hapo. Lugha zetu zimejaa ng', kuanzia Kiswahili chenyewe hadi Dholuo, na mtu anayeandika msimbo huku kwetu bila kuikumbuka atakutana nayo tu. Django ina `json_script`, iliyokuja na toleo la 2.1, ambayo inaandaa data kwa usalama ndani ya ukurasa. Itumie hiyo. Kujenga kwa mkono ni hatari hata kabla hujafika kwenye majina, kwani mtu mwenye nia mbaya anaweza kupitisha msimbo wake kwenye tundu lilelile.

Jambo la usalama lina upande mwingine ambao sitaki kuupita haraka. Ile anwani ya kwanza ya seva, iliyojibu wadi za eneobunge, niliiacha wazi bila kudai mtu aingie kwa nywila. Nikajiambia majina ya wadi si siri. Ni kweli, si siri. Ila miezi miwili baadaye nilinakili msimbo uleule ili nitengeneze menyu nyingine: chagua shule, menyu ya pili ilete wanafunzi wa shule hiyo. Na ulinzi haukuwepo, kwa kuwa kwenye asili haukuwepo. Kwa siku tisa, mtu yeyote aliyekisia anwani ile angeweza kusoma majina ya watoto wanaolipiwa karo, shule kwa shule. Niligundua mwenyewe, nikaifunga usiku huohuo, na kumbukumbu za seva zilionyesha hakuna wa nje aliyeigusa. Nilimwambia mwenyekiti asubuhi yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na watoto wale walikuwa wametukabidhi umaskini wao kwa siri. Kwenye paneli ya Django, anwani zako za ziada zipitishe kwenye `admin_view`, ili asiyeingia kama mfanyakazi asizione, kisha kagua pia kama mfanyakazi huyo ana ruhusa ya data hiyo. Fanya hivyo hata kwa majina ya wadi, kwa sababu utakuja kunakili.

Kuna mengine madogo ambayo nayataja kwa kupita. Familia zenye watoto wengi tuliwapanga kwenye mistari ndani ya fomu moja, na mstari mpya ukiongezwa, menyu zake hazisikii skripti yako mpaka uifungamanishe tena kwa tukio la `formset:added`. Tukio hilo lilibadilika kuanzia Django 4.1, kwa hiyo mifano ya zamani utakayoikuta haifanyi kazi ilivyo. Halafu alama ya kujumlisha iliyo kando ya menyu, inayomruhusu mtu kuongeza wadi mpya: iondoe. Tulikuta Kondele mara tatu kwenye jedwali, na mbili ziliundwa na vidole vilivyobofya pasipotakiwa.

Kubwa zaidi lilikuwa la kwenye jedwali lenyewe. Mwanzoni nilihifadhi vitu vitatu kwa kila mwanafunzi: kaunti, eneobunge, wadi. Menyu tatu, safu tatu, ilionekana sawa. Lakini wadi tayari inajua eneobunge lake, na eneobunge linajua kaunti yake. Ukihifadhi vyote vitatu, umefungua mlango wa siku ambayo vitapingana, na siku hiyo ilifika: wanafunzi wawili waliokuwa na kaunti ya Vihiga na wadi ya Kakamega, kutokana na data iliyoingizwa kwa faili, nje ya fomu, ambako menyu zangu hazikuwa na usemi. Nilifuta safu mbili. Sasa mwanafunzi ana wadi tu, na ukitaka kaunti yake unapanda ngazi kutoka kwenye wadi. Menyu za kaunti na eneobunge zikabaki kwenye fomu kama njia ya kufika kwenye wadi, hazihifadhiwi popote.

Kisha nikabadilisha jinsi wadi inavyojitambulisha. Badala ya "Biashara", ikaandikwa "Biashara, Nakuru Town East, Nakuru". Ukurasa mmoja wa ripoti uliokuwa bado na orodha nzima ukaanza kuchukua dakika. Kumbe kwa kila wadi, Django ilikuwa inarudi kwenye hifadhidata kuuliza eneobunge, kisha inarudi tena kuuliza kaunti. Wadi 1,450 mara mbili ni maswali 2,900, juu ya lile la kwanza. Kwa `select_related`, agizo la Django la kuleta wadi pamoja na eneobunge na kaunti yake, yote yanakuwa swali moja. Nawaomba wenzangu mzoee kuhesabu maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata kabla ya kuilaumu seva.

Kufikia hapo menyu zangu tatu zilikuwa imara. Zilikuwa na kasi, zilikagua, hazikufuta kitu, hazikuvuja. Nilimwita Madam azione, nikiwa na furaha ya dhati. Aliketi, akachukua fomu ya juu kwenye rundo, akaanza. Alisoma karatasi: Wadi, Rhoda. Akatazama skrini: Chagua kaunti. Akatulia.

"Sasa Rhoda iko kaunti gani?"

Nikamjibu Nakuru. Eneobunge? Nakuru Town West. Akachagua, akapata Rhoda. Fomu ya pili: Wadi, Butsotso South. Akanitazama tena. Ya tatu: wadi haikuandikwa, mzazi ameandika lokesheni na jina la chifu.

"Mwanangu," akasema, "Kisumu yote naijua. Lakini huko kwingine mzazi ananipa jina la kwake, na wewe unaniuliza kwanza jina la mbali. Eneobunge watu wengi hawaliandiki. Nitajuaje?"

Nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuboresha ngazi inayoteremka, na mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amesimama chini. Menyu zinazotegemeana humfaa anayejua kikubwa na anatafuta kidogo: meneja anayetaka ripoti ya Kakamega, kisha ya Lurambi, kisha ya wadi moja. Karani mwenye karatasi mkononi ana kidogo tayari. Anachohitaji ni kuonyeshwa kikubwa ili athibitishe.

Nikaziondoa menyu zote tatu kwenye fomu ya kuandikisha. Iliniuma, siwezi kuficha. Mahali pake nikaweka kisanduku kimoja cha kutafutia, `autocomplete_fields`, ambacho Django inacho tangu toleo la 2.0. Unaandika herufi chache, kinakuletea wadi zinazolingana, kila moja na eneobunge na kaunti yake. Nikaruhusu pia kutafuta kwa jina la eneobunge, ili "biashara naivasha" ilete moja tu. Kisha nikaongeza safu ya majina mengine, kwa sababu watu wa Nakuru wengi huandika Kaptembwa na orodha rasmi inasema Kaptembwo, huandika Shabab na orodha inasema Shaabab. Nyang'oma nikaiwekea Nyangoma bila alama, kwani simu nyingine zina alama ya kupinda na nyingine iliyonyooka, na wengi hawaweki yoyote. Safu hiyo Madam ndiye anayeijaza. Akikutana na jina jipya kwenye karatasi analiongeza mwenyewe, na lokesheni zinazojulikana kuwa ndani ya wadi fulani anaziongeza pia.

Menyu zinazotegemeana sikuzitupa. Ziko kwenye ripoti za mwenyekiti, na ziko kwenye ngazi ya shule na darasa, ambako zinakaa vizuri sana: ukichagua sekondari unapata vidato, ukichagua msingi unapata madarasa ya msingi, na hakuna mtu asiyejua mtoto wake yuko ngazi gani. Ukaguzi wa seva niliouandika kwa uchungu bado unafanya kazi kila siku.

Muhula uliofuata nilikuwa Nakuru siku ya kuandikisha, ukumbi wa kanisa mtaa wa Section 58, viti vya plastiki, wazazi wamejaa hadi mlangoni. Madam alikuwa mezani na kipakatalishi, mimi nyuma yake nikishika waya wa umeme uliokuwa unalegea. Baba mmoja mwenye koti la kazi alisogea, akatoa fomu. Madam akaandika herufi tano, b, i, a, s, h. Mistari mitatu ikatokea. Akaigeuza skrini kidogo upande wa baba.

"Baba, Biashara ya hapa mjini, au ya Naivasha?"

"Ya hapa," baba akajibu, akaonyesha kwa kidole nje ya dirisha. "Hapo tu, ng'ambo ya barabara."

Madam akabofya, akapiga muhuri, akamwita anayefuata.